Jinsi Mbwa na Paka Waendavyo

Nimeombwa leo nizungumze nanyi habari za wanyama wawili ambao kila mmoja wenu huwaona kila siku, tena amewaona tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hiyo huenda ni wachache waliopata kuwatazama sawasawa. Wanyama hao ni mbwa na paka. Sitasema habari za chakula chao wala za ukoo wao. Nitasema jambo moja tu, yaani jinsi wanavyokwenda: jinsi wanavyoiweka miguu yao chini, na jinsi mifupa yao ilivyoungana hata wakaweza kukimbia, kuruka, kupanda na kuanguka kama wafanyavyo.

Huenda mtu akauliza, "Mambo hayo yatatufaa nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza kwa kisa.

KISA CHA MBUZI WAWILI

Katika kijiji kimoja cha wafugaji, mtu mmoja aliamka alfajiri akakuta mbuzi wake wawili wamekufa zizini, koo zao zimetobolewa. Jirani yake alikuwa na mbwa mkubwa mwekundu, ambaye siku chache kabla ya hapo alionekana akiwafukuza mbuzi wadogo malishoni. Basi haikuonekana haja ya shahidi mwingine. Mwenye mbuzi alidai alipwe, na mbwa auawe siku ile ile. Vijana walikwisha kutafuta kamba. Jirani naye akaapa ya kuwa mbwa wake alilala mlangoni usiku kucha. Lakini ni nani aaminiye kiapo cha mwenye mbwa? Maneno yakawa makali, na watu waliokuwa wakiazimana majembe miaka mingi wakaanza kutajiana makosa ya baba zao.

Ndipo mzee mmoja, ambaye hata wakati ule alikuwa hajasema neno, aliposimama akawaambia, "Wanangu, aliyeua alikuja kwa miguu yake, na jioni kulinyesha manyunyu. Twendeni tukaiulize ardhi, kabla hamjaikanyaga yote."

Wakaenda. Ardhi ilijibu nini, nitawaambia baadaye. Maana jibu lake halifahamiki ila kwa mtu ajuaye jinsi mbwa aendavyo, na jinsi jamii ya paka iendavyo. Kwa hiyo na tujifunze kwanza.

WATEMBEAO KWA VIDOLE

Mtazame mbwa wako anaposimama, uangalie mguu wake wa nyuma. Utaona kiungo kimoja kilichochomoza kuelekea nyuma, kadiri ya nusu ya mguu. Watu wengi husema kwamba hilo ni goti la mbwa, na kwamba goti lake limepindwa kinyume cha letu. Sivyo. Kiungo hicho si goti, ni kisigino. Goti lake la kweli liko juu zaidi, karibu na tumbo, nalo hupinda kuelekea mbele kama goti la mtu. Sehemu yote kutoka kile kisigino mpaka chini ni wayo wake, na kinachogusa ardhi ni vidole tu. Kwa hiyo mbwa, na paka vile vile, husimama maisha yake yote kama mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Wanyama wenye miguu minne wamegawanyika katika mambo haya mafungu matatu. Wako wakanyagao kwa wayo mzima, kisigino pamoja na vidole, kama nyani, na dubu wa nchi za baridi. Na sisi wanadamu tu katika fungu hilo. Wako wakanyagao kwa vidole, kama mbwa, paka, simba, chui na fisi. Tena wako wakanyagao kwa ncha za kucha, kama ng'ombe, mbuzi, punda na pundamilia. Kwa maana ukwato ni ukucha uliokua ukawa kiatu.

Faida ya kusimama kwa vidole ni hii. Kwanza, mguu huwa mrefu zaidi, na mwenye mguu mrefu hupiga hatua ndefu. Pili, misuli mikubwa hukaa juu, karibu na kiwiliwili, na chini hubaki mifupa myembamba na kano tu. Mkulima yeyote ajua kwamba jembe lenye chuma kizito mwishoni huchosha kulirudisha juu kuliko jembe jepesi. Ndivyo ilivyo kwa mguu: ukiwa mwepesi upande wa chini, mnyama huurusha mbele na kuurudisha upesi bila kuchoka.

Mbwa na paka wana vidole vitano katika kila mguu wa mbele, na kwa kawaida vinne katika kila mguu wa nyuma. Kile cha tano cha mbele ndicho mfano wa kidole gumba, nacho kimekaa juu, hakigusi ardhi mnyama atembeapo. Mwenye mbwa yafaa akumbuke jambo hili. Ukucha wa kidole hicho haupati kusuguliwa na ardhi kama zile nyingine, kwa hiyo huweza kukua ukajipinda mpaka ukaingia nyamani, na mbwa akachechemea bila mwenyewe kujua sababu. Mbwa mwitu, wale wenye mabaka ambao wako hata leo katika nchi ya Laikipia, hawana kidole hicho. Katika miguu yao yote huonekana vidole vinne tu.

BEGA LISILOFUNGWA

Sasa kila mmoja wenu aweke mkono chini ya shingo, karibu na bega. Hapo ataugusa mfupa mwembamba uliolala, uitwao mtulinga. Mfupa huo ndio unaoufunga mkono wa mtu na mfupa wa kifua. Kwa ajili yake twaweza kujinyonga juu ya tawi, kubeba ndoo, na kuinyosha mikono upande wa kulia na wa kushoto.

Mbwa hana mtulinga, ila alama ndogo tu isiyofanya kazi. Paka anao, lakini ni kijiti kidogo kilichozama katika nyama, nacho hakikushikamana na mfupa mwingine wo wote. Kwa hiyo mguu wa mbele wa mnyama hawa haukuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa. Kombe la bega limelazwa juu ya mbavu, likashikwa kwa misuli peke yake. Kifua kimening'inia katikati ya mabega mawili, kama mgonjwa aliyebebwa katika machela.

Mtu asidhani kwamba huu ni upungufu. Paka arukapo kutoka juu ya ukuta, miguu ya mbele ndiyo itanguliayo kufika chini, na machela ile ya misuli huyapokea mapigo kidogo kidogo, wala hayafiki kwenye uti wa mgongo kwa kishindo. Tena kombe la bega huteleza mbele na nyuma pamoja na mguu, na hatua ikarefuka. Mtazameni paka anyemeleapo ndege, mtaona makombe mawili yakipanda na kushuka juu ya mgongo, hali kichwa kimetulia kama kimewekwa juu ya meza. Na kwa kuwa hakuna mfupa wa kuyapanua mabega, paka huweza kuyabana akapita katika nafasi ndogo, kadiri ya kichwa chake.

Uzito wa mbwa asimamapo haukugawanyika sawasawa. Kama tukiugawanya mafungu 100, karibu mafungu 60 huchukuliwa na miguu ya mbele, na 40 na miguu ya nyuma. Miguu ya mbele ni ya kubeba zaidi na kuzuia mwendo. Ile ya nyuma ni ya kusukuma. Ndiyo sababu nyonga za nyuma zimeungwa na uti wa mgongo kwa mifupa, kama mhimili uliopigiliwa, lakini mabega yameachwa huru.

Uti wa mgongo nao una sehemu yake. Shingo ya mbwa na ya paka ina pingili 7, kama ya mtu, na kama ya twiga pia, ingawa ya twiga ni ndefu mno. Lakini kiunoni, mahali ambapo sisi tuna pingili 5, wao wana 7. Kiuno hicho kirefu, chenye kupindika, ndicho upinde wao wakimbiapo. Hukunjwa na kunyoshwa, na kila kinyoshwapo humtupa mnyama mbele.

MIENDO YAO

Sasa tuje kwenye miendo yenyewe. Asikiaye ngoma hupambanua mdundo kwa hesabu ya mapigo, na mwendo wa mnyama huweza kujulikana vivyo hivyo.

Mwendo wa kwanza ni wa kutembea, wenye mapigo manne. Mguu wa nyuma wa kushoto hutangulia, ukafuatwa na wa mbele wa kushoto. Kisha wa nyuma wa kulia, ukafuatwa na wa mbele wa kulia. Daima iko miguu miwili au mitatu chini. Mbwa, paka, ng'ombe na punda wote hutembea hivyo.

Mwendo wa pili ni wa matiti, wenye mapigo mawili. Mguu wa mbele wa kulia huondoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, na wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia, kama mkasi. Huu ndio mwendo wa safari wa mbwa. Mwili hudunda juu ya kano kama juu ya springi, na sehemu ya nguvu ya hatua moja hurudi ikatumika katika hatua inayofuata. Huko Alaska, katika Marekani, yako mashindano ya mbwa wavutao magari ya theluji, yaitwayo Iditarod. Njia yake ni kama kilometa 1,600, na washindi wa miaka hii huimaliza kwa siku nane hadi kumi hivi, na sehemu kubwa ya njia hiyo mbwa huenda kwa matiti.

Mwendo wa tatu ni wa upande kwa upande: miguu miwili ya kulia huondoka pamoja, kisha miwili ya kushoto. Ndugu zetu wa kaskazini wanaoufahamu mgongo wa ngamia waujua mwendo huu, maana ndio umyumbishao mpandaji kulia na kushoto kama aliye chomboni. Mbwa wengine huutumia pia, hasa wenye miguu mirefu, au wale waliochoka.

Mwendo wa nne ni wa shoti, yaani mbio kali. Kwa muda mrefu watu walibishana kama iko saa ambayo farasi akimbiapo huacha ardhi kwa miguu yote minne. Jicho la mtu halikuweza kuamua, maana ni zito mno kwa jambo la upesi namna hiyo. Mwaka wa 1878, huko California, Mwingereza mmoja aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera safu kando ya njia ya mbio, zikampiga farasi picha moja baada ya nyingine alipopita. Picha zile zilimaliza ubishi. Farasi huacha ardhi kweli, lakini si wakati ule ambao miguu imenyoshwa mbele na nyuma, kama wachoraji walivyozoea kuchora. Ni wakati ambao miguu yote imekusanyika chini ya tumbo. Mwaka wa 1887 Muybridge alitoa kitabu kikubwa chenye kurasa 781 za picha za watu na wanyama katika mwendo, na mbwa na paka wamo.

Na hapa ndipo ilipo ajabu ya mbwa wa mbio. Farasi huelea mara moja tu katika kila shoti. Lakini mbwa mwembamba wa mashindano aitwaye greihaundi, na ndugu yake saluki wa nchi za Waarabu, huelea mara mbili: mara ya kwanza miguu imekusanyika chini ya tumbo, na mara ya pili imenyoshwa yote kama mshale. Yale waliyokosea wachoraji juu ya farasi, kwa mbwa huyu ni kweli. Kwa njia hiyo greihaundi hupita mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Duma wetu hukimbia kwa namna iyo hiyo. Mwaka wa 2013 wataalamu walitangaza kwamba waliwafunga duma wa Botswana mikanda yenye vyombo vya kupimia, wakaona duma mmoja akifikia kilometa 93 kwa saa alipokuwa akiwinda. Lakini kwa wastani mbio zile zilikuwa za meta 170 hivi, basi. Jamii ya paka hutumia mali yake yote kwa siku moja. Jamii ya mbwa huweka akiba.

MGUU WA PAKA NA KUANGUKA KWAKE

Kidole cha paka kina siri. Ukucha wake hukaa katika ala, umeshikwa huko na kano zenye kunyumbuka, hata wakati amelala. Anapotaka kushika, huvuta kano nyingine zilizo chini ya kidole, na ukucha ukachomoka. Kwa hiyo ukucha wa paka hausuguliwi na njia, hubaki mkali daima. Ukucha wa mbwa hauna ala. Hugusa ardhi kila hatua ukawa butu, nao humfaa kwa kushikilia njia, kama misumari ya chini ya viatu vya mkimbiaji.

Tena paka huweza kuugeuza mguu wa mbele, kiganja kikatazama upande wake mwingine, akakumbatia shina la mti au panya. Mbwa huweza jambo hili kidogo sana. Lakini kucha za paka zimepinda kama ndoana, zote kwa upande mmoja. Kupanda ni rahisi, bali akishuka kichwa chini kucha hazimshiki. Ndiyo sababu paka aliyepanda juu ya mwembe hulia usiku kucha. Ni lazima ajifunze kushuka kinyumenyume, mkia ukitangulia.

Jambo jingine la paka ni hili, nanyi mlikumbuke kwa ajili ya kile kisa chetu. Anaponyemelea, huweka mguu wa nyuma mahali pale pale, au karibu kabisa na pale, alipouondoa mguu wa mbele. Kwa hiyo hukanyaga mara mbili juu ya mahali alipokwisha kupajaribu, wala jani kavu halilii. Mbwa hajali sana; nyayo zake za mbele na za nyuma huonekana mara nyingi mbali mbali.

Sasa juu ya kuanguka. Mji wa Lamu una paka wengi sana, na mtu akipita katika vichochoro vyake huwaona juu ya kuta na madari wakitembea kana kwamba hakuna shimo chini. Kila mtoto ajua kwamba paka aangukapo huanguka kwa miguu. Lakini anageukaje hewani, hali hana kitu cha kushikilia wala cha kusukuma? Hata wataalamu wengine waliona haiwezekani. Mwaka wa 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimpiga picha paka aangukaye, picha nyingi katika sekunde moja, na siri ikajulikana.

Mtu abebaye nguzo ndefu begani hugeuka kwa shida; abebaye fimbo fupi hugeuka kwa urahisi. Paka hutumia kanuni hiyo. Kwanza hujikunja kiunoni, pale kwenye pingili zile saba. Kisha hukunja miguu ya mbele, ili sehemu ya mbele iwe kama fimbo fupi, na kuinyosha miguu ya nyuma, ili sehemu ya nyuma iwe kama nguzo ndefu. Hapo huigeuza sehemu ya mbele sana, na ya nyuma hugeuka kinyume kidogo tu. Halafu hufanya kinyume chake: huinyosha ya mbele, hukunja ya nyuma, na kuigeuza ya nyuma. Mwisho wa yote amekwisha kuelekea chini, na ile machela ya mabega inangoja kumpokea.

Ninawaomba wazazi wawakataze watoto kujaribu jambo hili. Mtoto wa paka wa majuma machache hajaliweza bado, na hata paka mzima huvunjika taya na miguu.

ARDHI ILIJIBU NINI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Aliinama nje ya zizi, akaiondoa majani kwa ncha ya fimbo, akawaita wote wawili, mwenye mbuzi na mwenye mbwa. Wakaona wayo mmoja mwema katika udongo laini. Ulikuwa wa mviringo, si mrefu kama yai. Vilikuwapo vidole vinne, lakini mbele ya vidole haikuonekana alama ya ukucha. Kitako cha wayo, upande wa nyuma, kilikuwa na mikunjo mitatu.

Mzee hakusema neno. Akaagiza mbwa aletwe, akamtembeza juu ya udongo ule ule. Wayo wa mbwa ulikuwa mrefu kidogo, na mbele ya kila kidole palikuwa na tundu dogo la ukucha. Mtu mmoja akasema, "Labda ni fisi." Mzee akajibu, "Fisi naye huacha alama za kucha, na wayo wake wa mbele ni mkubwa sana kuliko wa nyuma." Mwenye mbuzi hakuridhika, akasema kwamba huenda mvua ilizifuta kucha katika wayo mmoja. Neno lake lilikuwa la haki, maana hata jamii ya paka huchomoa kucha iterezapo matopeni au irukapo, na duma huonyesha kucha zake mara nyingi, kwa kuwa hazifichiki sawasawa. Basi wakafuata nyayo hatua baada ya hatua mpaka kwenye kijito. Hapakuwa na ukucha hata mmoja, na kila mahali wayo wa nyuma ulikuwa umelala juu ya ule wa mbele.

Alikuwa chui.

Ile kamba iliyotafutwa kwa ajili ya mbwa ikatumika kufungia miiba juu ya ua wa zizi. Habari zikapelekwa kwa askari wa wanyama pori. Mwenye mbuzi alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia jirani yake, "Ndugu yangu, nimekukosea wewe, na mbwa wako pia." Kama wayo ule ungalikanyagwa na watu asubuhi ile, mbwa asiye na kosa angalikufa, chui angalirudi usiku uliofuata akute zizi halina mlinzi, na nyumba mbili zingaliachana kwa uadui.

MWENDO ULIOHARIBIKA

Ajuaye mwendo mwema hutambua mwendo mbaya. Mbwa akichechemea mguu wa mbele, mtazame kichwa akiwa katika matiti. Akikanyaga mguu wenye maumivu hukiinua kichwa, ili kuupunguzia uzito. Akikanyaga ule mzima hukishusha. Kwa njia hiyo utaujua mguu mgonjwa hata kama hauna jeraha la kuonekana, nawe utatafuta mwiba, au ukucha uliozama, au kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Lakini uko mwendo mwingine ambao si wa kuusogelea. Nilipokuwa mtoto, mbwa asiyejulikana alipita kijijini kwetu akiyumba kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikuwa ikimwangusha, taya limelegea, na mate yakimdondoka. Sisi watoto tulicheka, tukamfuata tukimwiga. Mwenzetu mmoja alikwenda karibu mno, akaumwa ndamani. Jeraha lilikuwa dogo. Nyumbani wakalitia majivu, likapona. Baada ya miezi miwili mtoto yule hakuweza kumeza maji, akawa akiogopa hata kuiona kata. Siku chache baadaye tulimzika. Tangu hapo sikucheka tena nimwonapo mbwa ayumbaye.

Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, nao ungali ukiua watu. Huziharibu mishipa ya fahamu, ile ileteayo misuli amri, na ndiyo sababu mwendo wote niliowaeleza huvurugika. Si kila mbwa ayumbaye ana kichaa. Huenda amegongwa na gari, au amekula sumu, au ana maradhi mengine. Walakini asiyekuwa daktari hawezi kuyapambanua, kwa hiyo asimguse. Dalili zikiisha kumwonekania mtu hakuna dawa ya kuponya; lakini kabla ya dalili, iko nafasi njema ya kuokoka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile achanjwe, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Majivu hayafai kitu. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka. Wataalamu husema kwamba wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu kufika mwaka wa 2030. Mpango huo hautatimizwa na madaktari peke yao. Utatimizwa na mtu ambaye asubuhi afunguapo mlango humtazama mbwa wake akija, akajua kwa macho yake kwamba leo miguu minne yaenda kama ilivyokwenda jana, au haiendi.

Mkifika nyumbani, mtazameni mbwa akivuka ua, mkahesabu mapigo ya miguu yake. Na siku mtakapokuta wayo usioujua mlangoni, msiukanyage kabla hamjausoma.